Chumba Namba Nne

Tulivuka kwa feri kutoka Shanna
na mifuko kumi na miwili ya chokaa,
mlango mmoja wa mninga, wa mnadani Matrah,
na mama yangu, Bi Zuwena, aliyekataa kuteremka garini
mpaka aambiwe choo kiko wapi.

Choo ndicho kilichokuwa fahari yangu.
Hakina maji ya kuvuta: pumba za mbao, majivu, basi.
Nilimweleza faida zake robo saa nzima.
Akasema, "Mwanangu, haya tuliyakimbia Wete,
nawe umeuza fleti ya Al-Khoudh ukayanunue tena."

Masira ina upepo.
Unaingia ndani ya chai, ndani ya sala,
unausomba mchanga ukaupeleke kwa jirani
kisha unaurudisha, kama sahani ya futari.
Kwa hiyo kuta tulizinenepesha, jiwe na chokaa, shibri tatu,
vyumba vikaupa kusi mgongo.
Msanifu wa Maskati alitaka kioo toka sakafuni hadi darini.
Musallam, mzaliwa wa hapa, aliuliza swali moja:
"Nani atakayekipangusa?"
Kioo kikafa hapo.

Vyumba sita. Nilivipima kwa uzi na unga wa chokaa,
Rafiqul akishika ncha ya pili,
yeye akihesabu kwa Kibengali, mimi kwa Kiswahili,
tukipatana kwa vidole.
Namba nne nilikisogeza karibu mno na maji.
Kwa ajili ya picha. Nakiri.

Usiku mmoja wa Mei mstari wake ulifutwa.
Asubuhi mchanga umefukuliwa, umefukiwa,
na alama kama ya trekta dogo imetoka baharini,
nyingine imerudi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu duvi hakungoja kupewa.
Alikuja na majembe yake mwenyewe,
akalipa kabla, mayai mia na ushei,
akaondoka bila kudai risiti.

Kaka yangu Hilal, mshika fedha, alitaka yahamishwe.
"Chumba ni riali thalathini na tano kwa usiku.
Zidisha."
Nikazidisha. Nilizidisha kweli,
kwa penseli, juu ya mfuko wa chokaa, mara mbili.
Musallam hakuzidisha.
Alikwenda akazima jenereta.

Siku hamsini na nane tulikula gizani.
Rafiqul aliifunga tochi yake kitambaa chekundu.
Mama alichambua mchele kwa kupapasa,
akalalamika,
akamwagia mlimau maji ya mchele,
na kila alfajiri akauliza, "Hawajambo?"
kana kwamba ni wajukuu waliolazwa.

Kisha mchanga ukachemka.
Hapakuwa na sauti ila ya upepo,
na wao, weusi, wadogo kama kokwa za tende zilizoota miguu,
wakiteremka, wakipinduka, wakiteremka.
Ndipo simu ya mama ikalia: dada yake, Wete, anataka kumwona uso.
Kioo kikawaka.
Wanne wakageuka, wakamjia.

Mama aliikalia simu.
Huku dadake akiita chini ya kanga, "Haloo? Zuwena? Mbona kiza?"
yeye aliinama akawageuza kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja,
akiwanong'oneza,
"Siyo huku. Hii ni taa tu."

Sijapata kumsikia akisema na mtu kwa upole ule.

Sasa tuna moja, mbili, tatu, tano, sita.
Wageni wakiuliza, Hilal huwapeleka kwenye vigingi
na kuwaeleza kuwa wazo lilikuwa lake.
Nimemwachia.
Barua ya benki bado sijaijibu.
Fundi alikwisha leta vitasa sita;
kilichobaki mama amekifunga chooni.
Anasema angalau sasa
kinafanana na kitu.