Ukanda Haushonwi

Alikuja Jumatatu, sijafagia hata vipande vya jana,
akatandaza gazeti juu ya meza yangu hapa Kibokoni,
na juu ya gazeti, kama mtu anayeweka mayai,
vijisanduku viwili vyeusi vyenye mikanda.

"Hirizi," nikasema. Nimeshona hirizi mia na ushei:
za watoto waliao usiku, za wenye maduka,
ya bibi harusi mmoja aliyeogopa mawifi.

"Si hirizi, fundi," akasema Bwana Halfoni,
fundi wa kreni bandarini, mzaliwa wa Nakuru,
ambaye babuye alitoka Adeni na mizani ya kupimia kahawa.
"Hirizi unaiambia: nilinde.
Tefilini inaniambia mimi: kumbuka."
Kiswahili chake cha bara, kikavu, lakini neno lilikaa.

Ndani, alisema, mna ngozi iliyoandikwa kwa mkono;
herufi moja ikifutika, yote imebatilika.
Mungu ni mmoja. Mpende. Alikutoa utumwani. Wafundishe wanao.
Hamna jina la adui humo, wala la mgonjwa.
Cha kichwani kina vyumba vinne, kila aya na chake;
cha mkononi chumba kimoja, aya zote zimebanana,
kwani kichwa huwaza mengi
na mkono hutenda moja.

Akakunja mkono wa shati, akanionyesha bila kuvaa:
kijisanduku juu ya msuli, kikiuinamia moyo,
ukanda mara saba kuteremka hadi kifundo,
mara tatu kwenye kidole cha kati,
na hapo husomwa maneno ya posa,
Mungu akimposa mja wake milele.
"Marehemu mke wangu alikuwa akinicheka," akasema,
"eti kila asubuhi naolewa."

Nikalipindua neno letu kinywani: kufunga.
Twafunga mlango, twafunga mzigo,
twafunga Ramadhani, twafunga ndoa.
Huyu hufunga yote manne kabla ya chai.

Isipokuwa Jumamosi.
Siku yenyewe ni alama, haihitaji ukanda.

Ukanda ulikuwa umekatika karibu na fundo. Nikachukua shazia.
"Hapana." Mkono wake ukatangulia wangu.
Ukikatika haushonwi. Sharti mpya,
wa mtu aliyetia nia tangu ngozi ikiwa mbichi.
Niliudhika. Miaka ishirini na sita, nani amewahi kunikataza ngozi?
Kisha nikaelewa:
udhu ukitenguka hautiwi kiraka.

"Basi umeniletea nini?"
"Mfuko. Ule wa mahameli umetafunwa na mende.
Mfuko anaweza kushona yeyote."

Nikachagua ngozi ya mbuzi, nikashika penseli.
Akaniangalia. "Kumbe wewe ni mashoto."
Nikangoja. Yote nimeshayasikia,
tangu mwalimu aliyenichapa vidole
hadi shangazi aliyenifunga kitambaa kiganjani
ili nile kama watu.

"Hufungwa mkono ulio dhaifu," akasema.
"Wangu ni wa kushoto. Wako ungekuwa wa kulia.
Waliotunga sheria waliwakumbuka na mashoto."

Sikujibu. Nilikata ngozi, na mkato ulinyooka.

Nyumba yake iko Ganjoni, ghorofa ya tatu.
Huswali peke yake; tisa wa kusimama naye hawapati.
Huelekea kaskazini, kushoto kidogo ya kibla chetu,
tofauti, nikipima kwa jicho, ya upana wa dirisha.

Nilimtoza shilingi mia saba. Hakuomba nipunguze.
Usiku nikala wali kwa mkono wa kulia kama nilivyofunzwa,
ukimwaga punje mbili tatu, mkono mgeni, mtiifu,
nikautazama kwa muda mrefu.

Wiki ya tano sasa. Ukanda mpya bado uko posta.
Jana alipita kununua nta ya viatu;
asema alfajiri husimama dirishani vivyo hivyo
na kukunja mkono wa shati.