Vifungo

Orofani walikuwa na mlango wenye tundu
dogo kama sarafu, la jicho moja tu.
Ulibisha mara tatu. Jicho likaja.
Ukanong'ona neno, na neno hilo lilibadilishwa
kila miezi sita, kama tairi za theluji.
Babu yangu, Jabez Trevarrow, alilijua.
Bibi hakulijua. Bibi alijua kupiga pasi
aproni ya hariri yenye jicho lililotariziwa,
na kutouliza.

Mimi nafua hapo chini sasa.
Mashine kumi na mbili, nne mbovu.
Aila Lahtinen alilinunua jumba zima
kwa bei ya gari kuukuu,
paa likivuja, njiwa wakiwa ndio wanachama pekee
waliokuwa bado wanalipa ada, kwa namna yao.

Fundi bomba alibomoa ukuta wa kabati
akatoka mbio, spana mkononi:
jeneza, na ndani yake mtu,
mifupa mitupu, meno yote thelathini na mawili.
Polisi wakaja na utepe wao wa manjano.
Mzee Corwin Pascoe, wa mwisho aliye hai,
akaletwa kwa kiti cha magurudumu, akachungulia,
akacheka mpaka akapaliwa:
"Huyo ni Ambrose. Aliagizwa kwa posta."
Kila mgeni alifunguliwa kitambaa cha macho
mbele ya Ambrose na mshumaa wake,
akaambiwa: nawe utakuwa hivi. Basi mpende mwenzako.

Na walipendana, siwezi kukana.
Mgodi wa shaba ulipomfukia Jabez
walimzika kwa fedha zao, wakaimba vibaya,
na kila mwezi, miaka kumi na mmoja,
dola saba zilipenyezwa chini ya mlango wa bibi.
Mama yangu alivaa viatu vya dola hizo.

Lakini chini ya nyayo za Ambrose
palikuwa na daftari. Aila alilisoma
ameketi juu ya mashine namba tano, ikikamua mashuka,
akitikisika nayo,
hata sikujua ni kipi kinachomtetemesha.
*Eino Lahtinen, mtega baruti. Gololi nyeusi tatu.
Amekataliwa.*
Mwandiko safi, wino haujafifia.
Niliutambua kwa ile T
yenye paa lililoinamia upande mmoja,
kama kwenye Biblia yetu nyumbani.

Nikamwambia. Kunyamaza kungekuwa rahisi.
Aila alifunga daftari, akauliza
kama sabuni ya unga imefika.

Siku hizi, Jumanne, juu huko
wazee huchomwa sindano ya mafua.
Alhamisi kuna viazi na maharage ya kopo
kwa yeyote, hata aliyekuja juzi.
Jumamosi watoto hujifunza mieleka
pale kilipokaa kiti cha Mkuu,
hugombania lile tundu, jicho kwa jicho,
hupiga kelele "Neno!"
na wa nje hujibu lolote, "Maziwa!" "Kamasi!"
na mlango hufunguliwa.

Kisanduku cha kura kipo kwangu, kauntani:
mbao nyeusi, na shimo la kupitishia mkono
usionekane umechagua nini.
Natia humo vifungo vinavyong'olewa na mashine,
vya mashati, vya makoti, vyeupe, vyeusi, kimoja cha shaba.
Aliyepoteza huingiza mkono, akapapasa.

Jana Aila alipapasa kwa muda mrefu.
Akatoa cheusi. Akakipima kwenye koti lake.
Hakikuwa chake, hakikufanana na vingine.
Akaniomba sindano.