Daftari la Vipimo

Mama aliniachia cherehani ya miguu, mkasi wenye mpini uliolika,
na daftari la jalada gumu linalonuka mafuta ya taa.
Ninashonea baraza lile lile, Mbuyuni, Moshi,
kati ya muuza ndizi mshale na fundi saa.
Mvua ikikaza na wateja wakakosekana, ninalisoma
kama wengine wanavyosoma Zaburi.

Aikande, 1971. Kifua arobaini na mbili, nyonga hamsini.
Pembeni, mwandiko wa Mama: "Aachiwe nafasi, bado ananenepa."
Alikuwa uzazini, mwezi wa tatu wa mtori na siagi,
hajashika jembe, hajaonja jua,
na siku ya kutoka alitaka soko zima lishuhudie
alivyotunzwa. Angetoka mwembamba,
mumewe angeuweka wapi uso?

Kurasa nyingi mbele, binti yake, Ndekusara.
Kitambaa kimevuka Holili usiku, madukani hakuna kitu.
Kiuno ishirini na tano. "Anataka kibane.
Nimemwambia hataweza kukaa. Kasema hatakaa."

Yupo Nasinyari wa Sanya Juu, ambaye kiuno chake
Mama hakukiuliza. Alipima shingo, mara mbili,
kola isije ikagusa ndewe zilizoshuka hadi begani,
nzito kwa shanga, fahari ya boma.
Mjukuu wake alikuja kwangu mwaka juzi,
masikio kayashona hospitali, yamekuwa madogo kama ya mtoto.
Akaomba gauni la mgongo wazi.

Na mwalimu Eliaichi, mzaliwa wa Ngarenanyuki,
meno ya kahawia kwa maji ya kule.
Kwao hakuna aliyeyaona: kila kinywa kilikuwa vile.
Akapangiwa kazi Tanga, akajifunza
kucheka na kiganja mdomoni.
Mbele ya vipimo vyake Mama kaongeza:
"Mfuko wa leso, upande wa kulia."

Nami nimepokea zamu.
Wananiletea simu, wananisogezea kioo: "Kama huyu."
Huyu ana namba nane ambayo hakuna mfupa unaoikubali.
Mwaka huu ninajaza sponji pale
nilipokuwa ninapunguza nilipoanza kazi.
Wazee walisifu mguu wa bia;
siku hizi bia yenyewe inauzwa kwenye kopo.
Jana kaja mmoja, mkorogo umemng'arisha mashavu,
vifundo vya vidole vimekataa.
Nje mawingu yalifunguka, watalii wakanyanyua shingo,
wakasikitika kwamba mlima umepungua weupe.
Akageuka naye kuutazama. Sikusema kitu.
Mimi ni fundi, ninalipwa kwa nguo.

Juzi nilinunua futi mpya.
Nikailaza mezani sambamba na ile ya Mama,
ya kitambaa, iliyofutika namba kuanzia ishirini na nne hadi thelathini,
pale vidole vyake vilipokuwa vikibana.
Hazikulingana.
Ya Mama imevutika. Hamsini yake
ni hamsini na moja na nusu ya dukani.
Sijui ilianza lini kudanganya.
Labda Aikande alikuwa mnene kuliko sifa zake.
Labda Ndekusara, aliyeapa hatakaa,
hajawahi kuwa na ishirini na tano hata siku moja,
na alitembea mji mzima akiamini.

Lakini hakuna nguo iliyorudishwa.
Nimepekua daftari zima, hakuna hata moja,
kwa sababu futi iliyompima mwanamke
ndiyo iliyopima kitambaa.

Nikaitundika mpya msumarini, ikae.
Mteja kasimama mlangoni, mikono pembeni,
kavuta tumbo ndani mpaka mbavu zinahesabika.
Nimemzungushia futi ya Mama.
Ninasubiri.
Akishindwa, akapumua,
ndipo ninaandika.