Mguu Mmoja

Umekuja kununua ndizi, Mwalimu Asiligwa,
bakora mpya, karatasi ya bei ingali ubavuni mwake.
Hujanijua. Mimi ni Kageha,
yule uliyemwandikia "pumzi hana" kwa kalamu nyekundu
mwaka ambao mvua ya Aprili ilikula nusu ya uwanja.

Dakika kumi na mbili, kuzunguka tu.
Muhonja aliponipita mara ya kwanza nilimwonea wivu.
Mara ya pili alinisalimia.
Mara ya tatu sikuwa na pumzi ya kuitikia.
Yeye alizaliwa mlimani, Maragoli, debe kichwani;
mita elfu tano kwake zilikuwa kwenda kusaga unga na kurudi.

Ulitupima kama mahindi ya bodi.
Awuor, kipa wa magongo: ulimwachia rula katikati ya vidole,
akaidaka kabla yenyewe haijajua imeachiliwa.
Mbio hakuwa nazo. Za nini?
Mpira ndio uliokuwa ukimfuata yeye.
Nafuna wa netiboli alipinda kushoto, akapinda tena,
walinzi wawili wakabaki wamekaba upepo.
Na Kavere, mruka juu, aligusa vidole vya miguu
huku akiendelea kutusimulia ya jana.
Mimi niliyagusa magoti, nikasema yatosha.

"Kageha, wewe Mungu alikupa nini?"
Sikujibu. Nililiendea goli lile la chuma,
lililokuwa likisubiri wavulana wanne tangu asubuhi,
nikalihamisha.
Firimbi ilikudondoka.

Kesho yake ukanipa tufe.
Tufe halitaki pumzi, ulisema, lataka ghafla.
Kisigino, paja, nyonga, bega, kiganja,
kila kiungo kimpe mwenzake
kama ndoo zinavyopokezanwa nyumba inapoungua:
mwenye pupa humwaga, mzembe huunguza.

Halafu Kakamega, uwanja wa Bukhungu, duara limelowa.
Lilitoka mkononi nikajua.
Likapita kibendera cha rekodi,
likazama topeni kama kiazi kinachorudi nyumbani.
Watu wakapiga yowe. Na mimi.
Kisha bendera nyekundu:
ncha ya kiatu changu, kiatu chenyewe cha kuazima,
ilikuwa imevuka ubao.
Hawakukunjua hata tepu.

Nguvu nilikuwa nazo hata za kuuza.
Nilichokosa ni kile kidogo cha mwisho,
kusimama tuli
ukiwa umeshatoa kila ulichonacho.

Hukunigombeza. Lori la shule lilifika Chavakali hujasema neno,
ndipo ukanena: "Kesho, mguu mmoja."
Basi nikasimama. Nikipiga mswaki, mguu mmoja.
Nikichambua mboga, nikingoja chai ichemke.
Mama alimwita mchungaji aje kuniombea.
Mwaka uliofuata karo ilikosekana,
na duara sikulikanyaga tena.

Sasa tazama ule mfereji, na ule ubao juu yake.
Soko zima la Luanda huupita kwa kunyata.
Mimi navuka mara thelathini kwa siku, mkungu kichwani,
wala sijadondosha kidole kimoja cha ndizi.
Nani wa kulipima hilo? Hakuna anayepiga yowe.

Hebu leta bakora, niiweke hapa kando ya mizani.
Najua nyonga ni ya chuma, habari zilitangulia.
Shika nguzo. Inua ule mguu mbovu, taratibu.
Usitazame chini, chini hakuna kitu;
tazama pale, kwenye tangazo la simiti.
Sasa achia nguzo.
Moja.
Mbili.
Ta—

Nimekushika.
Mbili na robo, mwalimu.
Kalamu nyekundu sina, nitaandika kwa mkaa hapa ubaoni,
chini ya deni la mama Jumba.
Ndizi ni hamsini. Hapana, lipa,
halafu urudi Jumamosi tuone kama utafika tatu.