Geji Ishirini na Nane

Muuzaji wa Majengo anagonga bati kwa ukucha.
"Sikia hiyo. Ishirini na nane.
Thelathini ni karatasi tu, dada,
upepo wa Agosti utaifikisha Manyoni."
Rangi ziko tatu: nyekundu, buluu,
na kijani, ambayo kwetu huonekana
miezi mitatu, mvua ikikumbuka.

Nampigia mama, Mvumi.
Haulizi bei.
"Mtama nitauanika wapi?"

Nyuma ya sauti yake nasikia kuku.
Wako juu ya tembe, wanadonoa uwele
kwenye udongo alioushindilia baba kwa miguu
kabla sijazaliwa.
Saa saba mchana, jua likichoma hata kivuli,
mle ndani mtungi hutoa jasho la baridi.

Lakini naikumbuka pia Machi:
masufuria manne sakafuni, tone, tone,
na mama akihamisha kitanda usiku
kama kete ya bao, shimo hadi shimo.

"Bati litakupa maji," nasema. "Gata moja, pipa moja.
Hutaamka tena saa tisa kuwahi foleni kisimani."

Kimya. Salio linakwenda.

"Basi ezekeni kwenu. Chumba changu kiacheni.
Ila hiyo gata
ielekee mlangoni kwangu."

Muuzaji bado anagonga.
Nachukua kalamu yake: ishirini na mbili, toa nane.
"Kumi na nne," namwambia. "Nyekundu,
ile inayokaribia udongo.
Misumari ya kofia, kilo mbili.
Na gata. Ndefu."