Somo la Nne Nimeliruka

Umeme wa Kadutu hurudi saa nane usiku
kama mgeni asiyetaka kuonwa na majirani.
Ndipo ninapochomeka simu.
Mega za faranga elfu moja,
sikio moja tu la waya ndilo zima,
la kushoto; la kulia lilikufa tangu Pasaka.
Mwanamke asiyetaja jina lake ananiambia karibu.
Hasemi pole. Pole nimezipokea
hadi sina pa kuziweka.

Somo la kwanza lilikuwa dogo hata nikaona haya:
weka mkono mahali pasipouma. Basi.
Vuta pumzi saba.
Nikauzungusha mkono juu yangu
kama anayetafuta nyumba ya shangazi
katika mtaa uliokwenda na maporomoko,
nikautua kwenye kiwiko.
Kiwiko changu chenye kovu la mafuta ya sambaza,
kiwiko ambacho siku ile hakuna aliyekitaka.
Nikakaa nacho.

Somo la pili: andika sehemu tatu ambazo ni zako.
Nikaandika nyuma ya karatasi ya deni la makala:
kiwiko, kisigino, shingo kwa nyuma.
Asubuhi nikaifuta shingo.
Mtu alisimama mlangoni kwa jirani na koti la mvua,
plastiki iliyolowa, harufu ile,
na shingo ikaondoka, ikarudi njia ya Bunyakiri,
ambako ilibaki na kikwembe cha njano
na debe zima la karanga.
Nitasema hayo tu.
Hili si faili la mahakama,
nawe unayesoma si hakimu.

Mama mkwe anasema: zaa, utasahau.
Kanisani wanasema: samehe, utasahau.
Wananizungumzia kama mtaji uliopotea sokoni.

Somo la nne linataka kioo.
Kioo ninacho, kimelala kifudifudi chini ya godoro.
Nimeliruka.
Ruka, alisema mwenyewe yule wa simu,
hakuna anayesahihisha daftari hili.

Akonkwa aliuliza gizani:
Unamsikiliza nani?
Somo.
La dini?
La mwili.
Akanyamaza. Mvua ilipiga bati, ikaacha, ikapiga tena.
Kisha seremala huyu, mume wangu, ambaye miezi kumi na minne
analala ukingoni mwa kitanda alichokichonga mwenyewe, akasema:
Na mimi, nina somo langu?

Lipo. La tano. La watu wawili.
Mmoja anauliza, mwingine anajibu,
na hapana ni jibu kamili, halidaiwi sababu.
Tulianza na kidole.
Nikushike kidole?
Hapana.
Kesho yake: nikushike kidole?
Hapana.
Wiki mbili nilikula hapana kama muwa.
Nilikuwa nikiisema, nayo inabaki imesimama,
hakuna aliyeikanyaga,
mbwa wa Camp Zaïre wakibweka kama kawaida,
Akonkwa akigeuka upande wake na kukoroma.

Halafu Alhamisi, nikiosha lengalenga,
maji ya baridi yalipita kwenye kifundo cha mkono
na kitu kikaruka ndani yangu,
kidogo, kama samaki kwenye karai.
Niliacha mboga. Nikaogopa.
Nikamimina tena.
Haikuwa hofu. Hofu naijua viatu vyake.
Hii niliwahi kuijua jina, zamani, kabla,
nikiwa Nabintu wa kucheka hovyo.

Usiku ule niliuliza mimi.
Nikushike?
Subiri, akasema, nikaoshe, mikono ina gundi.
Tukacheka hadi mtoto wa jirani akaamka akalia,
tukacheka tena kwa kuwa tumemwamsha.
Na hapo, katikati ya somo, umeme ukaenda,
mwanamke wa simu akakatika akisema polepo—

Tuliendelea kidogo bila yeye.
Mpaka kwenye kiwiko.
Nikasema: hapo.
Akasema: hapo?
Hapo.
Tukalala.