Tano kwa Mia

Saa tatu usiku, Punta Arenas, jua halijaenda kokote.
Yanira amejenga sanduku tupu ndani ya kompyuta,
katikati ameweka paa la ukumbi wa shule,
anga amelikatakata vijumba milioni sita,
na sasa, pale upepo utakapoingilia,
mashine inamuuliza:
msukosuko kiasi gani?
Visulisuli vya ukubwa gani?

Kama hujui, andika tano kwa mia.
Ndivyo wanavyoandika wote.
Ndivyo alivyoandika Eleodoro kwa paa la kwanza,
lile lililokutwa asubuhi limelala kifudifudi
kwenye kiwanja cha jirani,
misumari ikitazama mawingu.

Tano. Si kosa, wala si jibu.
Ni pakacha tunalochotea maji,
tukarudi nyumbani tukisema tumechota.

Anavaa koti. Anatoka.
Kona ya benki, manispaa imefunga kamba
watu washike wasipeperushwe.
Mama Eduvina Barría wa duka la soksi ameikumbatia,
mfuko wa viazi unampiga magotini.
Yanira naye anashika, anafumba macho, anahesabu:
kishindo, kimya,
vishindo viwili, kimya kirefu,
kisha kofi lisilo na upande.
"Unahesabu nini, binti? Kwani unaudai upepo huu?"

Naudai, ndiyo.
Maana haukuzaliwa mlangoni kwangu.
Umeshagombana na vilima vya magharibi,
na miti iliyopinda mgongo,
na mabati, na kuta, na lori la mkate,
unafika na ugomvi wote mkononi,
nami kwenye sanduku langu nimeuingiza
umeoga, umechana nywele.

Amerudi. Pua inachuruzika.
Anafuta tano. Anaandika ishirini na moja.
Ukubwa wa kisulisuli: nyumba moja ya ghorofa mbili,
kama ile ya rangi ya haradali inayotangulia shule.
Kisha anausogeza mlango wa upepo karibu na paa,
kwa kuwa msukosuko nao huchoka njiani:
ukianzia mbali mno
utafika umelala, paa litasalimika,
litasalimika kwenye kioo tu.

Mistari inaanza kushuka, taratibu, kwa ubishi.
Dirisha linagonga fremu yake.
Ripoti ina kisanduku kimoja kimebaki:
namba hii imetoka wapi?

Anatafuna kalamu.
Anaandika: kamba, kona ya benki.
Anafuta.
Anaiandika tena.